Mahubiri ya Vijana wa Vyuo Vikuu

Kazi ya Injili iliyo mikononi mwa wanafunzi wa vyuo vikuu imekua sana. Ushirika wao wa dunia, IFES, uliundwa mwaka 1947 na nchi 10 tu. Hapa Tanzania mshiriki wake ni TAFES. Mbeya nako siku hizi kuna vyuo vikuu, hata mtoto wa Kyela hana haja ya kwenda Dar es Salaam ndipo apate wenzi wa kuomba nao.

Bidii yao siikatai. Huitoa likizo yao, hushuka katika joto letu, hulala chini madarasani. Lakini mahubiri yenyewe nayapima kwa kipimo kimoja: je, bibi aliyetoka kuanika mpunga ameyafahamu? Wamisionari wa Berlin na wa Moravian walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, nao iliwapasa kujifunza Kinyakyusa neno kwa neno. Kijana mzaliwa wa Ipinda anayo lugha hiyo tangu utoto. Mbona basi asimame mbele ya shangazi zake akichanganya Kiswahili cha darasani na Kiingereza, hata atafutiwe mkalimani? Na kipaza sauti cha nini, watu wakiwa 30 chini ya mwembe?

Hesabu ya walioitikia wito huandikwa daftarini usiku uleule. Daftari la miezi sita baadaye, la wanaohudhuria mafundisho ya ubatizo, sijaliona bado. Abakiye nao ni mwinjilisti wa kijiji, ambaye mara nyingi hupata habari za mkutano siku ile magari yanapofika.