Walioandika Kila Neno

Bunge la jimbo la Kerala, kusini mwa India, lina chumba kimoja na wabunge 140. Chimbuko lake ni baraza la wajumbe 8 lililoundwa mwaka 1888 katika ufalme wa Travancore. Bunge la sasa lilianza 1957.

Katikati ya ukumbi huketi waandishi wa hati mkato. Wabunge wakizomeana, wao hawana nafasi ya kushangaa. Hunasa kila neno la Kimalayalam, tarakimu, namba ya kifungu, hata jina la aliyedakia. Hupokezana zamu, maana mkono huchoka na sikio huteleza. Akitoka ukumbini, mwandishi hajapumzika: huyafumbua maandishi yake, huyahakiki, na kuondoa yale Spika aliyoagiza yafutwe. Hampambi aliyebabaika.

Anayetaka kujua nani alitetea nini wakati wa kutunga Sheria ya Mageuzi ya Ardhi ya 1963 hufungua kurasa za waandishi hao. Wabunge huja na kuondoka. Mpiga kura huweza kuwadai ahadi zao kwa sababu mtu asiyetajwa alizinakili bila kuongeza wala kupunguza.