Kinanda Kisichonyamaza

Kwetu wimbo ni mwendo. Ngoma yalia, mikono yaitikia, miguu haiwezi kutulia. Missa Luba, iliyoimbwa Kamina mwaka 1958 chini ya uongozi wa Padri Guido Haazen, ilipendwa duniani kwa sababu ya uhai huo. Basi mtu akituambia kwamba kuna muziki usiotembea, sauti moja tu yenye kuvuma saa baada ya saa, twacheka na kusema: Hiyo ni mashine ya kusaga unga! Sisi pia tulicheka. Leo twataka kueleza kwa nini tuliacha kucheka, na kwa nini hata hivyo hatukuridhika.

Muziki wa namna hiyo una wapenzi wengi Ulaya na Marekani tangu miaka ya 1960. Mfano wake wa ajabu kupita mingine uko Halberstadt, mji wa Ujerumani, ndani ya kanisa la kale liitwalo Sankt Burchardi. Masista Wasistersi walisali humo miaka mia sita, mpaka utawa wao ulipofungwa mwaka 1810. Baadaye kanisa likawa ghala, likawa kiwanda cha pombe kali, hata zizi la nguruwe. Sasa kinanda kinavuma humo usiku na mchana, kwa utungo wa Mmarekani John Cage, aliyekufa mwaka 1992.

Cage aliuandika kwa piano mwaka 1985, akaugeuza kwa kinanda cha kanisa mwaka 1987. Agizo lake ni moja: upigwe polepole kadiri iwezekanavyo. Lakini polepole mpaka wapi? Kifua cha mwimbaji huchoka. Kinanda chenye upepo hakichoki. Wenye shauri hilo wakakumbuka kwamba mwaka 1361 Nikolaus Faber alijenga kinanda kikubwa katika kanisa kuu la Halberstadt. Toka 1361 mpaka 2000 ni miaka 639. Wakakata shauri: utungo nao udumu miaka 639, mpaka mwaka 2640.

Ulianza tarehe 5 Septemba 2001, kwa kimya. Mivukuto ilijaa upepo, lakini sauti ya kwanza haikutoka mpaka tarehe 5 Februari 2003. Sauti nyingine ilidumu bila kugeuka toka Oktoba 2013 mpaka Septemba 2020. Siku ya kugeuza sauti watu hutoka mbali, wanajaa kanisani. Filimbi zatiwa au zaondolewa, kisha kila mtu anarudi kwake.

Je, wanafuata nini? Tulisikiliza sauti hiyo kwa chombo. Mwanzoni sikio lilitafuta wimbo, likakosa, likakasirika. Baada ya robo saa likaacha kutafuta. Ndipo tukatambua kwamba sauti ile moja si moja. Ndani yake mna sauti ya chini kama ya nyuki mzingani, na juu yake nyingine nyembamba. Na pale zinapokaribiana zinatetemeka pamoja. Ukigeuza kichwa, moja yapanda na nyingine yazama, maana sauti yagonga ukuta, yarudi, yakutana na nafsi yake, yapata nguvu hapa na kudhoofika pale. Wimbo wa kawaida hupita mbele yetu kama msafara njiani. Muziki huu hukaa kama nyumba, na msikilizaji ndiye anayeingia na kutembea ndani.

Hiyo ni sifa yake ya kwanza. Ya pili ni kubwa zaidi: hakuna mtu atakayeusikia utungo huu wote. Walioanza hawataona mwisho. Hawa wamefanya kama waashi wa makanisa makuu ya zamani, waliotia msingi wakijua kwamba wajukuu ndio watakaoezeka. Kila katekista aelewe neno hilo.

Hapo twaona tofauti na Mwingereza Brian Eno, ambaye alitoa santuri ya muziki wa kupigwa katika viwanja vya ndege. Yeye alitaka muziki wa kusikilizwa au wa kuachwa tu, kama mtu apendavyo. Muziki wake ni mpole na mzuri, nasi hatumlaumu. Lakini unamwacha msafiri pale pale alipo. Ule wa Halberstadt unamdai saburi.

Na kasoro yake? Kinandani hakuna mtu. Vifuko vya mchanga ndivyo vinavyokandamiza vibonyezo. Twasikia upepo, hatusikii moyo. Msikilizaji aweza kupenda utulivu wake mwenyewe na kuudhania sala. Eliya hakupanda mlimani apate kufurahia utulivu. Alimngoja Mmoja mwenye kusema. Masista wale wa kale walinyamaza kwa sababu walikuwa na wa kumsikiliza. Kinanda hiki kimelisafisha sikio, kisha kikaliacha mlangoni.

Lakini sisi tusijisifu! Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1963, uliagiza kwamba katika liturujia kuwe na kimya kitakatifu kwa wakati wake. Nasi twafanya nini? Waamini wakiisha kukomunika, kabla hawajapiga magoti vizuri, sisi waongozi wa kwaya twaanza wimbo, kisha mwingine, na kipaza sauti juu yake. Twasema ni furaha. Tuseme kweli: mara nyingi ni hofu ya kimya. Wageni wa Halberstadt wanasafiri siku nzima kwa ajili ya sauti isiyo na Neno, nao wanatulia. Sisi tunaye Neno mwenyewe, na hatumpi dakika tano.

Basi Jumapili ijayo, ndugu wanakwaya, baada ya Komunyo tufunge vitabu kidogo. Ngoma itangoja.