Sifa za Mchaichai wa Barafu

Wageni hushangaa kusikia kwamba Sumbawanga kuna watu wanaokunywa kitu chenye barafu. Mji uko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa mwezi wa sita na wa saba hupenya koti. Lakini fika mwezi wa kumi, mvua bado haijashuka, jua liko utosini na vumbi limekaa kooni. Ndipo utaelewa kwa nini mama mmoja wa Kizwite huamka alfajiri kupika mchaichai ambao hautanyweka mpaka adhuhuri.

Nimemtazama kazini, na sijaona mtu anayeliheshimu jani kama yeye. Huukata mchaichai na umande wake, chini kabisa karibu na shina, achukue na ile sehemu nyeupe ambayo wengi huitupa. Huupitisha kwenye maji, hauloweki. Huukunja mafundo, akaugongagonga kwa mchi mpaka chumba kizima kinukie, kisha hungoja maji. Yakitokota huepua sufuria kwanza, ndipo atie majani na kufunika. Siku moja nilinyoosha mkono nifunue nione rangi, akanizuia. “Acha, mwanangu. Ukifunua, harufu wanywe majirani, sisi tubaki na maji.”

Amesema kweli tupu. Harufu ya mchaichai imo katika mafuta mepesi ya jani, na mafuta hayo hupaa pamoja na mvuke. Anayeyatokosa majani nusu saa kama kisamvu hupata maji machungu ya nyasi, kisha huyamwagia sukari ili yapite kooni.

Kinywaji cha moto kina vitu vingi vya kukisitiri: mvuke, sukari, hata haraka ya mnywaji. Cha baridi hakina. Ulimi uliopoa hausikii utamu sawasawa, na harufu hainuki kwa urahisi, kwa hiyo mchaichai wa barafu hupikwa mzito kuliko wa moto. Mama huonja ungali vuguvugu. Huchota kijiko, hunusa, huvuta kwa sauti, halafu hunyamaza kidogo. Ukimridhisha hapo, hauchukui. Anautaka umzidi kidogo, umkereketeshe, maana baridi itakuja kupunguza. Asali nayo huitia wakati huohuo, kwani kwenye baridi ingeganda chini ya jagi. Huisifu asali ya Mpanda, na hapo husita kidogo, kwa sababu Mpanda ilikuwa mkoa mmoja nasi hadi mkoa wa Katavi ulipojitenga mwaka 2012. Akipata choya kavu ya Dodoma hudondosha maua machache, kwa ajili ya uchachu na wekundu. Barafu yenyewe huigandisha kwa mchaichai uleule, ili ikiyeyuka isichujue glasi. Jambo hilo dogo limenifundisha mengi kuhusu mtu anayemfikiria mnywaji hadi tone lake la mwisho.

Wala mchaichai wala choya haina kafeini, tofauti na majani ya chai. Mtoto hunywa jioni akalala, na mzee mwenye moyo wa kudundadunda hunywa bila hofu ya kafeini.

Nchi hii haikuwa ngeni kwa subira kama ya mama huyu. Wafipa, wenyeji wa hapa, walijenga malungu, matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, yakayeyusha chuma bila mifua: hewa ilijivuta yenyewe kwenye matundu ya chini, na fundi kazi yake ikawa kupanga vizuri kisha kuuachia moto nafasi. Baadhi ya malungu hayo bado yamesimama porini. Wengi wa waliojua kuyawasha wamekwisha.

Nikipita mitaani sasa naona nyua zikisakafiwa saruji hadi mlangoni, na mashina ya mchaichai, yaliyokuwa yakipandwa ukingoni mwa nyumba kushika udongo, yanang’olewa na kutupwa pamoja na takataka. Mwenye nyumba husema yanaleta nyoka na uchafu. Kesho yake hutuma mtoto dukani kununua unga wa juisi wa pakiti, ukoroge, unywe, umalize. Una rangi ya embe na hauna embe. Harusini ni kreti za soda kuanzia meza kuu hadi kwa wapishi, katika mji ambao majani yake ni ya bure na usiku wake hupoza sufuria bila umeme.

Mabinti wa yule mama wameolewa mbali, Mbeya na Dar es Salaam. Huwapigia simu, wanamwambia wana friji kubwa. Anawauliza kama wamepata pa kupanda shina. Wanaishi ghorofani, na mchaichai wanaununua ukiwa umekauka, umefungwa kwenye vifuko vya karatasi, harufu yake imekwisha zamani.