Mayai ya Kuvuruga: Moto wa Kitunguu Si Moto wa Yai

Kosa la mayai ya kuvuruga katika nyumba nyingi za Pwani halianzi kwenye yai, huanzia kwenye kitunguu. Mpishi anateleka sufuria, anatia mafuta, anatupia kitunguu maji kilichokatwakatwa na kungoja kigeuke rangi. Nyanya zinafuata, na pilipili hoho, pengine bizari kidogo ya manjano. Mpaka hapo kazi ni safi na harufu imeshafika barazani. Halafu mayai yaliyopigwa yanamiminwa palepale, juu ya moto uleule, mwiko unazunguka mbio mbio, na kinachopakuliwa ni vipande vikavu vilivyokaa kwenye maji mekundu. Tunakula, maana chapati ni ya moto na chai imetiwa iliki. Lakini yai limeharibika, na limeharibiwa na mtu anayejua kupika.

Hilo la mwisho ndilo linalonishughulisha. Chukua mfano wa Mwabungo, iliyo katika ukanda wa minazi wa Kwale, kati ya Diani na Msambweni: katika majiko ya huku tui la nazi ndilo mwalimu. Anayepika wali wa nazi, samaki wa kupaka au mbaazi amefundishwa tangu utotoni kwamba tui halisusiwi. Likishaingia chunguni hukorogwa mfululizo, polepole, mpaka litokote kwa upole; wengine husisitiza likorogwe upande mmoja tu, sharti ambalo tui lenyewe halilijui. Ukiliacha kwa moto mkali linakatika: mafuta yanajitenga juu, na vijipande vyeupe vinabaki vikielea kwenye maji.

Yai nalo hukatika, na kwa sababu ileile. Tui ni maji, mafuta na protini vilivyoshikamana kwa muda, na protini zake huanza kuganda joto linapokaribia nyuzi 80 za Selsiasi. Yai ni maji, mafuta na protini vilevile, ila halina hata uvumilivu huo. Ute peke yake huanza kuganda karibu na nyuzi 62, kiini karibu na 65, na vikipigwa pamoja yai zima hushikana karibu na 73. Kwa hiyo mkono uliozoea tui ndio hasa mkono unaotakiwa na mayai. Ajabu ni kwamba mpishi huyohuyo, anayelibembeleza tui kwa robo saa nzima, akishika yai hulipeleka mchakamchaka.

Kinachotokea ndani ya sufuria si kigumu kukieleza. Robo tatu ya yai ni maji, na protini zimo ndani yake zikiwa zimejikunja, kila moja kivyake. Joto linazikunjua, zinashikana na kufanya wavu, na maji yanabaki yamenaswa ndani ya wavu huo. Hapo mayai ni laini, yanang'aa, yanakaa kwenye mkate bila kutiririka. Joto likizidi, wavu unajikaza na kuyaminya maji nje. Yale maji yanayoonekana pembeni mwa sahani si ya nyanya peke yake. Mengine ni ya yai lenyewe, na ulaini wake umeondoka nayo.

Sasa rudi kwenye kitunguu. Hakipati ile rangi ya kahawia tunayoitaka mpaka uso wa sufuria upite nyuzi 140 hivi, karibu mara mbili ya joto ambalo yai linalihitaji. Nyanya zikiingia, maji yake huteremsha joto hadi kwenye 100 na kulishikilia hapo. Lakini 100 bado ni mbali na 73, na nyanya ambayo haijakauka inaleta maji mengine juu ya yale ambayo yai litayatoa. Ukimimina mayai hapo unayachemsha kwenye mchuzi.

Dawa ni kuzitenganisha kazi hizi mbili. Pika kitunguu na nyanya kwanza, kwa moto unaostahili, mpaka maji yakauke na mafuta yaanze kuonekana pembeni. Rojo hilo litoe, liweke bakulini. Pangusa sufuria, iache ipoe kiasi cha kuweza kugusa ukingo wake kwa kidole bila kuruka, ndipo uanze mayai peke yake. Rojo litarudi mwishoni, mayai yakiwa yameshashikana, na litapinduliwa mara mbili tatu tu. Bakuli moja zaidi la kuosha, basi.

Baada ya hapo ni suala la chombo na jiko. Wengi wetu hutumia makaa, na jiko la makaa halina kitufe cha kupunguzia. Lile lenye kuta za udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, linashika joto hata makaa yakianza kufanya majivu. Uzuri wake kwa maharagwe ndio ubaya wake kwa yai. Kuhangaika kupunguza moto ni bure. Kinachopunguzwa ni muda wa sufuria juu ya moto: inawekwa, inaondolewa, inarudishwa. Na hapa sufuria yetu nyembamba ya alumini, inayodharauliwa na watu wenye vikaango vizito, inageuka kuwa chombo bora. Inapata joto upesi na kulipoteza upesi. Ukiitoa motoni, imetoka kweli. Kikaango kizito cha chuma kinaendelea kupika kwa dakika kadhaa baada ya kukitoa, na mayai hayangoji.

Tia kijiko cha mafuta ya nazi au samli, kisha udondoshe tone la yai. Likilia na kuruka, sufuria ni ya moto mno, isogeze kando. Likitulia na kugeuka jeupe polepole bila kelele, mimina mayai yote. Usiguse kwa sekunde chache. Tabaka jembamba likishaganda chini, likwangue kwa mwiko bapa kutoka ukingoni kuja katikati, ili yai bichi literemke kuchukua nafasi yake. Anayetaka mapande makubwa laini akwangue taratibu na kwa nafasi. Anayetaka uji mzito kama wanavyoula Wafaransa akoroge bila kusimama. Mimi niko upande wa mapande, kwa sababu mayai yetu huliwa kwa chapati, au kwa mkate wa boflo uliomegwa, na uji huukimbia mkono. Mwiko uwe wa mti. Kijiko cha chuma kinaparuza alumini na kuyapa mayai michirizi ya kijivu, na kwa sababu hiyohiyo mayai hupigwa kwenye bakuli la udongo, kioo au plastiki.

Mgumu kuliko yote ni wakati wa kutoa. Shangazi yangu, mpishi wa tui asiye na mshindani mtaani kwao, nilimwambia aondoe sufuria mayai yakiwa bado yanang'aa majimaji kidogo juu. Aliniangalia kama niliyemwomba anipe wali mbichi.

"Haya hayajaiva, mwanangu."

"Yataiva yenyewe, shangazi. Samaki wako wa kupaka ukimtoa motoni, tui haliendelei kuwa zito?"

Alikaa kimya akiyatazama, kisha akaitoa. Ndani ya nusu dakika yalikuwa yameshikana, kwa joto lililobaki ndani yake.

Hapo ndipo tui linapoingia lenyewe. Watu wengi hutia maziwa kwenye mayai wakati wa kupiga, wakiamini ndiyo siri ya ulaini. Kijiko kimoja si neno. Lakini maziwa mengi yanazitawanya protini, mchanganyiko unahitaji joto kubwa zaidi ili ushikane, mpishi anachochea moto, na mwisho wake ni yaleyale maji sahanini. Afadhali kuleta mafuta mwishoni, sufuria ikiwa nje ya moto. Auguste Escoffier, mpishi wa Kifaransa ambaye kitabu chake Le Guide Culinaire kilitoka mwaka 1903, alipika mayai ya kuvuruga kwa moto wa taratibu na mwiko wa mti, kisha akayamaliza nje ya moto kwa siagi na krimu. Krimu ya Kwale ni kasimele, lile tui la kwanza zito linalokamuliwa kwa maji kidogo sana. Vijiko viwili vya chakula kwa mayai manne vinafanya kazi mbili kwa pamoja: vinaleta mafuta na utamu wa nazi, na kwa kuwa ni baridi, vinasimamisha mayai yasiendelee kuiva. Tui lenyewe halikatiki, maana halijauona moto. Tui la pili, lile jepesi, lihifadhi kwa wali. Hapa litakuwa maji tu.

Chumvi itiwe mapema, robo saa kabla ya kupika ikiwezekana, wakati unakata kitunguu. Wapo wanaosema chumvi ya mapema hukausha mayai. Ni kinyume. Protini za yai hubeba chaji za umeme zinazosukumana. Chumvi hupunguza msukumano huo, zikaanza kushikana mapema kabla hazijakunjuka zote, na wavu unaopatikana ni mlegevu. Harold McGee, aliyeandika On Food and Cooking, anaeleza kwamba asidi nayo hufanya hivyohivyo, kwa hiyo matone machache ya ndimu yana maana yake, ingawa aliyetia nyanya ameshatia asidi ya kutosha.

Kuhusu mayai yenyewe, mjadala wa kienyeji na gredi hauishi, na wengi huuamua kwa rangi. Rangi ya kiini inatokana na anachokula kuku: majani, wadudu, mahindi ya njano. Haithibitishi ladha. Tofauti inayogusa upishi ni kwamba yai la kienyeji ni dogo na kiini chake kinachukua sehemu kubwa zaidi, hivyo mayai yake yana mafuta mengi kwa ute kidogo na hutoka laini bila kuongezewa mengi. Tumia matano mahali ungetumia manne ya gredi. Ila kuku wa kienyeji hutaga kichakani, na anayeokota hajui yai lina siku ngapi. Joto la Pwani halina huruma na ganda lenye matundu. Vunja kila yai kwenye kikombe kwanza, moja moja. Yai viza moja huangusha bakuli zima, na harufu yake haiombi radhi.

Kutoka Mwabungo hadi hoteli za Diani si mbali, na vijana wengi wa huku wamepitia majiko hayo, kwa hiyo ni haki kuuliza kwa nini mayai ya bufe mara nyingi ni mabaya kuliko ya nyumbani. Si ujinga wa wapishi. Mayai yakikaa muda mrefu kwenye chombo cha moto, salfa inayotoka kwenye ute hukutana na madini ya chuma ya kiini, na rangi ya kijani-kijivu inajitokeza. Haina madhara, lakini mgeni anaiogopa. Yule kijana wa hoteli anayepikia mgeni mmoja mmoja pale pembeni, kwa kikaango kidogo, anatoa kitu kingine kabisa, na anafanya hivyo kwa mayai yaleyale.

Kuna tahadhari moja. Mayai yaliyofika nyuzi 71 yamepita joto linaloua bakteria wa salmonela, na mayai laini yaliyoshikana yanafika hapo. Yanayotiririka hayajafika. Mama mjamzito, mtoto mdogo na mzee wapewe yaliyoshikana hadi juu, hata kama wewe unapenda yako yawe mororo.

Yote haya ni kwa mayai manne au sita. Nyumba ya watu kumi, au daku ya wageni, inataka njia nyingine, kwa sababu mayai kumi na tano ndani ya sufuria ndefu huungua chini kabla ya juu kushtuka. Hapo tumia sufuria mbili. Za kwetu huuzwa seti, hazina mikono, na ndogo hukaa ndani ya kubwa. Tia maji kwenye kubwa, yachemke, kalisha ndogo ndani ikiwa na mayai, na ukoroge. Maji hayatapita nyuzi 100 hapa usawa wa bahari (Nairobi maji huchemka kwenye 94 au 95 hivi, kwa hiyo jamaa wa huko wavumilie zaidi), na mayai yatakuja polepole, dakika kumi na tano au zaidi, huku mkono ukikoroga. Yakianza kushikana toa maji motoni, acha sufuria ndogo ndani yake, na umalizie kwa kasimele na rojo. Kazi hii mpe yule aliyezoea kukoroga tui, na chapati zipikwe kabla, si wakati huohuo.