Munkoyo ya Kipushi: Pombe Isiyojua Ngano

Mtu wa Kipushi au Lubumbashi akisikia pombe ya kienyeji, anafikiri kwanza lutuku, ile iliyokatazwa tangu wakati wa ukoloni, halafu kibuku. Munkoyo anaiweka pembeni, eti ni ya watoto na wagonjwa. Lakini siku hizi neno jipya limetufikia toka Ulaya: bia bila gluteni. Vijana wenye kusoma wanasema: «Kumbe shiye tuko nayo tangu zamani!» Maneno hayo ni ya kweli, lakini ukweli wake ni nusu. Tuyapime, na munkoyo yenyewe tuionje sawa vile kinywaji kinastahili kuonjwa.

Gluteni ni protini yenye kuwa ndani ya ngano, shayiri na rai. Njo yenye kufanya unga wa mkate uvutike. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa seliaki inaharibu utumbo, hata ikiwa kidogo tu. Bia ya kiwanda, kama Simba ya Lubumbashi, inatengenezwa na malti ya shayiri. Basi mgonjwa huyo haiwezi. Kule Ulaya watengenezaji wadogo wanahangaika. Wamoja wanapika na masaka au mchele. Wengine wanabaki na shayiri, halafu wanatia kimeng'enya chenye kukatakata gluteni. Kufuatana na kanuni ya kimataifa, chakula kikiitwa «bila gluteni», isipite miligramu 20 katika kilo moja.

Kwa nini shayiri ni ngumu kuiacha? Juu nafaka yenyewe haiwezi kuwa pombe. Ndani yake kuna wanga, na wanga lazima ugeuke sukari kwanza. Mzungu anachipusha shayiri ili kazi hiyo ifanyike. Mama wa kibuku anachipusha masaka. Wazee wetu wa munkoyo hawakuchipusha kitu: walienda porini kuchimba mzizi.

Hapo njo akili yao ilipo. Mzizi wa munkoyo unatoka kwa mimea mbalimbali ya jamaa ya maharage. Wataalamu wanaiita Rhynchosia, Eminia na Vigna. Ndani yake kuna vimeng'enya vyenye kuvunja wanga wa mahindi. Mama anapika uji wa mahindi saa nyingi, anauacha upoe mpaka uwe vuguvugu, halafu anatia mizizi iliyopondwa. Uji uliokuwa mzito unalegea, unakuwa mwepesi kama mayi. Akitia mapema, uji ukiwa bado wa kuchoma, nguvu ya mzizi inakufa. Hakuna kipima-joto, kuna mkono wa mama. Kisha anatoa mizizi, anafunika, anangojea siku moja au mbili.

Sasa tuonje. Kule Kipushi nilinunua vikombe vitatu, kwa mama watatu. Cha kwanza kilikuwa cha siku moja: rangi ya manjano hafifu, harufu ya mahindi na ya udongo wa mvua. Ulimini kinaanza na utamu mdogo, halafu uchungu wa mzizi unakuja nyuma na kukaa kooni. Ni kinywaji cha kiu, hasa mwezi wa kumi kukiwa joto. Cha pili kilikuwa cha siku mbili. Utamu ulipungua, uchachu ulipanda, na pombe kidogo ikaanza kujisikia. Kwangu miye, hicho njo munkoyo yenyewe: chachu, uchungu na utamu vinashikana, hakuna kimoja chenye kushinda kingine.

Cha tatu kilikuwa cheupe na kitamu sana. Nikauliza mizizi ilitiwa ngapi. Mama akacheka: «Mizizi iko bei, papa. Tunatiaka sukari, bato banapenda.» Kweli, watu wanapenda. Lakini kile ni uji wa sukari wenye kuchacha. Uchungu wa nyuma haupo, na bila uchungu huo utamu unachosha kabla kikombe hakijaisha.

Mama huyo simhukumu haraka. Mugodi wa Kipushi ulifungwa mwaka wa 1993, na mwaka wa 2003 Gécamines ilianza kuachisha kazi watu zaidi ya 10,000. Katika nyumba nyingi biashara ndogo ya mama njo ililipa masomo ya watoto. Mugodi umeanza tena kutoa zinki mwaka wa 2024, lakini desturi ya kutafuta faida ya haraka haiondoki siku moja. Na mzizi wenyewe unatoka mbali zaidi, juu pori la kuzunguka Lubumbashi linaisha kwa makala. Tena, ukichimba mzizi wote, mmea unakufa.

Turudi kwa vijana wetu. Ni kweli, mahindi na mzizi havina gluteni. Lakini munkoyo si dawa, na haina cheti. Kusini mwa Afrika, mahewu, ndugu yake munkoyo, mara nyingi inaanzishwa na unga kidogo wa ngano. Kwetu pia, chungu kinaweza kuwa kilekile cha kukandia unga wa mikate. Mwenye seliaki aulize kwanza: unga gani, chungu gani, chachu gani? Sifa bila maulizo inaweza kumuumiza.

Na hata mwenye tumbo nzima aulize swali moja: mzizi uko? Munkoyo inastahili kusifiwa kwa kile inacho, si kwa kile inakosa. «Bila gluteni» ni sifa ya kutokuwa na kitu. Uji wa sukari nao hauna gluteni. Kile chenye kutenga munkoyo na uji ni mzizi na mkono wenye kujua saa ya kuutia. Tunaomba basi shule na mashirika yetu wapande mimea hiyo karibu na mji, na wamama wenye kujua wafundishe mabinti. Na sisi wanywaji tukubali kulipa bei ya mzizi. Jina la munkoyo likibaki paka kwa sukari, watoto wetu watasema munkoyo ilikuwa hivyo tangu zamani, na hakutakuwa tena mtu wa kuwakatalia.