Tone la Chokaa

Mtu asiyefuga matumbawe akisimama mbele ya tangi jipya la maji ya bahari ataona maji, mawe na taa, basi. Hakuna samaki wala tumbawe, na mwezi mzima unaweza kupita hivyo hivyo. Hata hivyo mwenye tangi yuko kazini. Jioni anavuta maji kidogo kwa bomba la sindano, anayatia kwenye kichupa, anadondosha dawa huku akihesabu matone mpaka rangi igeuke, kisha anaandika tarakimu moja na kufunga daftari. Nawastahi mafundi wengi, wachonga milango na washona kofia wakiwemo, lakini huyu ana lake: sehemu kubwa ya ufundi wake ni kuuzuia mkono.

Nimchukue fundi wa Berlin, mji uliochangia sana kuupa ufundi huu sura yake ya leo. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alikuwa ameshaeleza kwa maandishi namna ya kufuga viumbe wa baharini kwa mawe ya mwambani, pamoja na uhai uliomo ndani yake, na mapovu ya hewa tu. Jakarta ina bahari mlangoni. Berlin haina, na bahari yake ya jirani, Baltiki, ina chumvi haba mno kwa matumbawe. Mtu wa Berlin hana budi kuitengeneza bahari chumbani mwake, kuanzia maji yenyewe.

Tangi la lita 300 linataka kama kilo 11 za chumvi maalumu. Maji ya bomba hupitishwa kwanza kwenye utando wa kuchuja na resini, maana shaba kidogo tu yaweza kuua kamba na konokono, na fosfeti hulisha mwani. Shabaha ni gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji ya bahari. Tangu hapo adui ni mvuke: maji yanaondoka, chumvi inabaki. Anayefidia kwa maji ya chumvi hulikoleza tangi siku hadi siku, kwa hiyo fundi hufidia kwa maji yasiyo na chumvi hata chembe.

Halafu zinakuja wiki za amonia. Kipande cha kamba kinaachwa kioze tangini, au amonia inatiwa kutoka kwenye chupa. Bakteria wa mawe wanaigeuza kuwa nitriti, wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye sumu ndogo zaidi. Sergei Winogradsky alikwishaionyesha kazi hiyo yao mwaka 1890, akiwa Zürich. Bakteria wa chupa wanauzwa, nao huharakisha mambo kidogo, ila mara nyingi ni wiki nne hadi sita, utake usitake.

Baada ya hapo ndipo zinaanza hesabu zinazonifanya niandike makala haya. Maji ya bahari yana takriban miligramu 420 za kalsiamu na 1,300 za magnesiamu kwa lita, na alkali yake ni kama digrii 7 za Kijerumani. Tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu kaboneti: kalsiamu inatoka upande mmoja, alkali upande wa pili. Ajabu ni kwamba maji hayo tayari yamebeba kalsiamu kaboneti nyingi kuliko yanavyostahili kubeba. Kinachoizuia isianguke chini kama unga ni hasa magnesiamu, ambayo hujibandika juu ya fuwele changa na kuziharibia ukuaji. Mgeni akiona kalsiamu imeshuka, anaongeza kalsiamu. Haipandi. Anaongeza tena, na asubuhi hita na pampu zimevaa ukoko mweupe. Fundi angepima magnesiamu kwanza.

Katika kila lita, kila miligramu 20 za kalsiamu zinazoingia kwenye mfupa huondoka na digrii 2.8 za alkali. Ishirini kutoka 420 ni kitu ambacho kipimo cha matone kinaweza hata kisikione. Digrii 2.8 kutoka 8 ni zaidi ya theluthi. Ndiyo maana fundi hupima alkali kila siku na kalsiamu mara moja kwa wiki: moja inapiga kelele kabla nyingine haijanong'ona. Kupandisha alkali ya lita 300 kwa digrii moja kunahitaji gramu 9 hivi za bekingi soda, ile ile ya jikoni. Paketi iko mkononi na upungufu wa digrii tatu angeweza kuumaliza jioni moja. Badala yake anapima gramu chache, anaziyeyusha pembeni, anazimimina polepole mbele ya pampu, na zilizobaki zinangoja kesho. Matumbawe huvumilia alkali ya 7 na huvumilia ya 9. Yasichovumilia ni kurushwa kutoka 7 hadi 9 usiku mmoja.

Fundi wa kizamani ana njia nyingine, iliyoenezwa na Peter Wilkens tangu miaka ya 1970: maji ya chokaa. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa chokaa. Kuta za Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe zimeungwa kwa matumbawe yaliyochomwa juu ya magogo hadi hewa ya kaboni dioksidi ikatoka, yakatiwa maji, yakapakwa, na ukutani yakaivuta tena hewa ile ile yakawa mawe. Tangini mambo ni hayo hayo, ila mwishoni mjenzi ni mnyama. Chokaa safi, kama gramu moja na nusu kwa lita, inayeyushwa na kuachwa itulie, na yale maji maangavu ya juu yanadondoka tone kwa tone kufidia mvuke. Yanaleta kalsiamu na alkali kwa uwiano ule ule unaotumiwa na tumbawe. Ni makali, pH yake ni zaidi ya 12, ndiyo maana hudondoshwa usiku, wakati mwani umeacha kunyonya kaboni dioksidi na pH ya tangi inashuka yenyewe.

Suala la pH ndilo linalotenganisha fundi na mnunuzi wa chupa. Majira ya baridi, madirisha ya Berlin yakifungwa, pumzi za watu hujaza chumba kaboni dioksidi, na pH inaanguka kutoka 8.2 hadi 7.8. Mnunuzi anamimina dawa ya kuipandisha. Inapanda saa chache, inaanguka tena, na alkali imeruka bila sababu. Fundi anafungua dirisha. Kama baridi haivumiliki, anapitisha mpira mwembamba ukutani ili mashine yake ya kusafisha maji kwa povu ivute hewa ya nje.

Mawe nayo yana vituko vyao: utando wa kahawia, kisha nyuzi za kijani, na baada ya miezi mwani mgumu wa waridi. Fundi anasugua kioo, anaongeza konokono, anangoja. Wala hakimbilii kuifuta nitrati na fosfeti hadi sifuri, maana maji yaliyonyimwa vyote viwili mara nyingi hukaribisha dinoflajeleti, ute wa kahawia wenye mapovu ambao ni msiba mkubwa kuliko mwani wowote.

Siku tumbawe la kwanza linapogundishwa kwenye jiwe, si kubwa kuliko kidole gumba, alkali imekwisha kusimama kwenye 7.8 kwa wiki kadhaa. Halafu daftari linaandika 7.7, 7.5, 7.4. Mgeni angedhani kuna kilichoharibika. Fundi anajumlisha wiki nzima, anagawa kwa saba, anajua tumbawe linakula kiasi gani kwa siku, na analegeza bomba la chokaa kidogo.