Pongezi kwa Wauguzi wa Kusafisha Damu

Mgonjwa wa figo aliye kwenye mashine ya kusafisha damu hukaa na muuguzi wake takribani saa nne, kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Daktari hana muda huo. Wauguzi walio bora huugeuza kuwa darasa, na kwa hilo nawapongeza kwa moyo wote.

Humfundisha mgonjwa uzito wake mkavu, yaani uzito wa mwili usio na maji ya ziada, hadi aulize mwenyewe: "Dada, leo mnanitoa lita ngapi?" Humwonyesha jinsi ya kugusa fistula mkononi, pale ateri ilipounganishwa na vena, ahisi mtetemo kila siku, na ukikoma, awahi hospitali mara moja. Mkono huo haupimwi presha wala kutolewa damu. Nilimsikia mama mmoja mpole akimwambia daktari mgeni, "Samahani daktari, huu hapana," akanyoosha wa pili. Ujasiri ule ulikuwa umefundishwa.

Kwenye chakula ndipo ninapowavulia kofia. Potasiamu ikizidi huweza kusimamisha moyo, na imejaa kwenye ndizi, maharage na parachichi. Muuguzi anayejua majiko yetu hamwachi mgonjwa na orodha ya makatazo tu. Humweleza viazi vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, na maji yale yamwagwe ili potasiamu ipungue.

Tangu Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Tanzania, ianze kupandikiza figo mwaka 2017, somo limeongezeka: nani aweza kuchangia figo, apimwe nini, na dawa zipi zitamezwa maisha yote.